Deni la Mkono Unaoiga

Je, mtu achoraye upya, kwa mkono wake na kwa rangi aliyoinunua kwa fedha yake, picha ambayo mwingine alikwisha kuichora zamani, tumwite msanii, tumwite fundi, au tumwite mwizi? Swali hili limezoea kuulizwa katika majumba ya sanaa ya Ulaya, na msomaji aweza kudhani kwamba halituhusu sisi tunaoishi baina ya milima ya Usambara na nyika ya Uzigua. Latuhusu, tena latuhusu kuliko tunavyokiri. Ni nadra kumkuta mwanafunzi wa sekondari ambaye hajapata kuambiwa na mwalimu wake kwamba kuiga ni aibu. Na ni nadra vile vile kumkuta ambaye mwalimu yule yule hakumpa picha ya kitabuni akamwambia: chora kama hii.

Tuanze Korogwe. Mji ule umekaa njiani tangu reli ya Tanga ilipoufikia mwaka 1902, na hata leo mabasi yatokayo Dar es Salaam kwenda Moshi na Arusha hupita hapo, abiria wakashuka kunywa chai na kununua matunda. Mji wa njiani hauachi kuwa na nyumba za wageni, na nyumba ya wageni haipendi ukuta mtupu. Katika kumbi za nyumba hizo tumeona, mara nyingi kuliko tulivyotarajia, picha za rangi ya mafuta zilizochorwa kwa mkono juu ya kitambaa kilichowambwa au juu ya hadibodi: maua ya alizeti ndani ya chungu, mbingu ya usiku ambamo nyota zazunguka kama maji ya mto penye kizingia, wanawake wa kisiwa cha mbali wameketi chini, nyuso zao zimetulia. Asili ya picha hizi ni kazi za watu waliokuwa wakichora nchini Ufaransa katika miaka ya 1880 na 1890, ambao wataalamu huwaita wachoraji wa baada ya Impreshonizimu: Vincent van Gogh, mzaliwa wa Uholanzi, Paul Gauguin, aliyekwenda Tahiti mwaka 1891, Paul Cézanne na wenzao. Lakini hizi za Korogwe ni kazi ya mafundi wa vibao, watu ambao asubuhi huandika "Duka la Dawa" na "Kinyozi", na jioni, kazi ikipungua, hufungua kalenda ya zamani wakaichora upya.

Mmoja wao tulizungumza naye kwa kituo. Ni kijana mwenye adabu. Alitupa shikamoo kabla ya kuweka brashi chini. Tulimwuliza alizeti zile ni za nani.

"Za kalenda, mzee," akajibu. Kisha akasogea karibu na picha yake, akaonyesha kwa kidole. "Lakini aliyezichora mwanzo alikuwa mkulima, au alikaa na wakulima. Tazama hizi mbili. Hizi zimekwisha kuiva, petali zimeanguka, mbegu zimejaa, zinangoja kukatwa. Mtu wa maua ya mapambo angechora zilizochanua peke yake."

Kumbe kijana yule aliwahi kufanya kibarua cha msimu mmoja mkoani Singida, ambako alizeti hupandwa kwa wingi, na macho yake yalikuwa yamejifunza huko. Jina la Van Gogh hakulijua. Alilolijua ni ua, na alilijua vizuri kuliko wengi wetu tunaolijua jina.

Wako watu wawili wamshitakio fundi huyu. Wa kwanza ni mlinzi wa utamaduni wa taifa, ambaye akiona alizeti za Mholanzi ukutani mwa Korogwe husema: mwacha asili ni mtumwa. Wa pili ni msomi wa sanaa, ambaye husema kwamba hii ni bandia, haina thamani, wala haifai kuitwa kazi. Huyo wa kwanza ana haki ya kuogopa. Twakumbuka kwamba Mwalimu Julius Nyerere, alipohutubia mwezi wa Desemba 1962 na kutangaza kuundwa kwa wizara ya utamaduni wa taifa na vijana, alieleza kwamba nchi isiyo na utamaduni wake ni mkusanyiko tu wa watu waliokosa ile roho ya kuwafanya taifa. Walakini katika hotuba hiyo hiyo alikemea vikali upumbavu wa taifa linalokataa kujifunza kwa wengine. Wapendao nusu ya kwanza ya hotuba ile wana tabia ya kuisahau nusu ya pili, na wapendao ya pili huisahau ya kwanza. Ama yule msomi, tunamwalika amtazame kwanza mwenye picha.

Alizeti zile Van Gogh alizichora mjini Arles, kusini mwa Ufaransa, mwezi wa Agosti 1888, ili kupamba chumba cha rafiki yake Gauguin aliyekuwa akitarajiwa kuja kukaa naye. Baadaye alizirudia mwenyewe. Aliketi mbele ya picha zake akazinakili, ua kwa ua, akibadili rangi hapa na pale. Basi hata hicho tunachokiita asili kina ndugu zake wa tumbo moja, na aliye mbele ya mmoja wao yuko mbele ya nakala iliyofanywa na mkono ule ule.

Zaidi ya hayo, mwezi wa Mei 1889 aliingia katika hospitali ya wagonjwa wa akili huko Saint-Rémy, akakaa humo mwaka mzima. Siku alizoshindwa kutoka nje kwenda kuchora mashamba, alichukua picha za chapa, ndogo, zisizo na rangi, alizopelekewa na nduguye Theo. Zilikuwa picha za Jean-François Millet, Mfaransa aliyemtangulia, ambaye alipenda kuchora wakulima: watu wawili wameinama wakilima, mume na mke wamelala adhuhuri kivulini mwa rundo la mavuno, mpanzi akitupa mbegu, baba amepiga magoti shambani, amenyoosha mikono, na mtoto mchanga anajaribu hatua zake za kwanza kumwendea. Van Gogh alizichora upya kwa rangi ya mafuta, zaidi ya 20. Alimweleza nduguye kwa barua kwamba yeye yu kama mpiga muziki: mpiga muziki akipiga kazi ya Beethoven hakuna amshitakiye kwa kuwa hakuitunga, na vidole vyake hutia humo kitu kilicho chake. Aliona kwamba anafasiri, kutoka lugha ya nyeusi na nyeupe kuingia lugha ya rangi. Wala hakuficha kwamba wakulima wale ni wa Millet.

Tunapenda mwalimu wa Handeni awaonyeshe wanafunzi wake picha hizo za wakulima, maana watu wale wanaolima kwa jembe la mkono wanawajua. Ni baba zao na mama zao. Na tunapenda pia awaambie kwamba mtu yule, ambaye leo dunia nzima humwiga, alikuwa akiiga katika mwaka wake wa mwisho wa kazi, naye hakuwa mwanagenzi. Alikufa mwezi wa Julai 1890.

Sasa tutazame soko. Mwezi wa Machi 1987, moja ya zile alizeti zilizorudiwa iliuzwa kwa mnada mjini London kwa karibu pauni milioni 25, ikanunuliwa na kampuni ya bima ya Japani. Baadaye wakatokea watu waliodai kwamba picha ile si mkono wa Van Gogh bali ni nakala ya mtu mwingine. Wataalamu wakaichunguza, wakakata shauri kwamba ni yake. Msomaji na azingatie jambo moja. Katika mabishano yale yote, rangi iliyokuwa juu ya kitambaa haikubadilika hata tone. Manjano ilikuwa manjano ile ile asubuhi ya kushukiwa na jioni ya kusafishwa. Kilichokuwa kikipanda na kushuka ni jina. Soko lile hununua jina, na picha hupewa mnunuzi kama nyongeza. Fundi wetu wa Korogwe huuza picha bila jina, kwa bei ya kuufunika ukuta, na mwenye nyumba ya wageni ajua anachokinunua. Hapo hatuoni uongo, na pasipo uongo neno wizi ni zito mno.

Lakini kutokuwa mwizi si kutokuwa na deni. Hapa ndipo tunapotaka kukaa. Kila mkono unaoiga umekopa: umekopa jicho la mtu aliyetangulia kuona, na taabu yake ya kutafuta namna ya kukiweka alichokiona. Deni hilo lalipwaje, na lalipwa kwa nani?

Mfano wa kulipima swali hili unao mkoa wa Tanga wenyewe. Edward Saidi Tingatinga alizaliwa mwaka 1932 wilayani Tunduru. Katikati ya miaka ya 1950 alikuja Tanga, kama walivyokuja vijana wengi wa kusini, kufanya kazi katika mashamba ya mkonge. (Mkonge wenyewe, na tuseme kwa kupita, ni bingwa wa nakala. Richard Hindorf aliuagiza kutoka Florida mwaka 1893, miche elfu moja, ikafika hai 62. Na mmea huu hauenezwi kwa mbegu bali kwa vijimche viotavyo juu ya mlingoti wake na kwa machipukizi ya shinani, kila kimoja mfano kamili wa mzazi. Anayepita katika mistari ya mkonge ya Ngombezi au Magunga anapita katikati ya mmea mmoja, au michache, iliyorudiwa mara zisizo na hesabu.) Kutoka Tanga alikwenda Dar es Salaam, akafanya kazi za nyumbani na za bustani, na mwaka 1968 hivi akaanza kuchora. Husimuliwa kwamba alipata wazo alipoona picha za wachoraji wa Kongo zikiuzwa mjini, akasema moyoni kwamba hilo hata yeye aliweza. Rangi za mafuta za kuchorea na turubai hakuwa nazo. Alichukua vipande vya mraba vya hadibodi na rangi ya kupakia baiskeli, akachora chui, ndege, tembo na mibuyu, nazo zikauzwa nje ya duka la Morogoro Stores, Oyster Bay. Mwaka 1972 aliuawa kwa risasi na polisi waliomdhania mhalifu aliyekuwa akikimbia. Kazi yake yote ilidumu miaka ipatayo minne.

Alipokufa aliacha wanafunzi wachache, wengi wao jamaa zake. Hao waliendelea, wakafundisha wengine, na mwaka 1990 wakawa na chama chao cha ushirika. Leo jina la mtu yule limegeuka jina la kitu. Twasema "tingatinga" kama tusemavyo "mkeka", na tunadhani wako watoto ambao wakilisikia hufikiri kwanza ile mashine ya kulimia. Je, waliomwiga walimwibia? Wanafunzi wake walichukua namna yake ya kuiweka rangi, wanyama wake, mraba wake, na chini ya picha wakaandika majina yao wenyewe. Wao deni wamelilipa, na wamelilipa kwa njia mbili: kwa kulitaja jina lake kila walipoulizwa, na kwa kumfundisha kijana mwingine bila kumficha kitu. Familia nyingi zimekula kutokana na miaka ile minne. Hatuoni kwamba marehemu angelalamika.

Wako wengine. Zimeuzwa picha zenye saini yake ambazo mkono wake haukuzigusa. Aliyefanya hivyo ameiba mara mbili. Amemwibia marehemu kwa kumtia kinywani neno ambalo hakulisema. Na amejiibia nafsi yake, maana kila picha njema aliyoichora chini ya jina la kuazima ni picha ambayo yeye hatahesabiwa kuwa aliichora. Na liko kundi la tatu, lisilotajwa na sheria yoyote: ni wale wachorao chui wa arobaini bila kupata kumtazama chui, wala paka wa jirani. Chui wao hutoka katika chui wa mwenzao, naye hutoka katika wa mwenzake, hata madoa yamekuwa mapambo tu na mgongo hauna mfupa. Hawa hawamdanganyi mnunuzi. Jina la mtindo wanalitaja. Hata hivyo tuonapo kazi zao tunahisi kwamba pana deni halijalipwa, ijapokuwa hatuwezi kumpeleka mtu mahakamani kwa ajili yake. Tingatinga alitazama kabla ya kuchora. Wao wamelikopa tazamo lake na hawajalirudishia hata tazamo moja la kwao.

Sheria ina mahali pake. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999 iliweka ulinzi wa maisha ya mtungaji na miaka 50 baada ya kifo chake. Kwa kipimo hicho, aliyekufa mwaka 1972 ulinzi wake unafika mwisho wa mwaka 2022, na aliyekufa mwaka 1890 yuko nje kabisa ya hesabu. Hivyo fundi wa Korogwe hana kesi ya kujibu mbele ya jamaa wa Van Gogh. Lakini ni ajabu kidogo kuwaza kwamba deni la heshima laweza kuisha usiku wa manane wa tarehe fulani, kama leseni ya biashara. Sheria huweka ukomo kwa sababu haina budi kuuweka mahali fulani. Dhamiri haina kalenda ya namna hiyo.

Na tusidhani kwamba taabu hii ni ya maskini wa Afrika peke yao. Katika kijiji cha Dafen, mjini Shenzhen nchini Uchina, mfanyabiashara mmoja wa Hong Kong alianzisha mwaka 1989 kazi ya kunakili picha za mafuta kwa mkono, nacho kijiji kikakua kikawa na maelfu ya wachoraji. Mwaka 2016 ilitolewa filamu juu ya mmoja wao, Zhao Xiaoyong, ambaye kwa muda wa miaka ipatayo 20 yeye na jamaa zake walichora nakala za Van Gogh kwa maelfu mengi. Alisafiri hadi Amsterdam. Huko alizikuta kazi zake zikiuzwa katika duka la vitu vya watalii, si katika nyumba ya sanaa kama alivyokuwa akifikiri, na kwa bei iliyozidi mara nyingi ile aliyolipwa. Aliingia katika makumbusho, akasimama mbele ya picha yenyewe, ile ambayo mkono wake uliijua kuliko mkono wa mtu ye yote aliye hai, na macho yake yalikuwa hayajapata kuiona. Aliporudi nyumbani akaanza kumchora bibi yake, na karakana yake. Hatusemi kwamba miaka ile 20 ilipotea. Mkono uliomchora bibi ulifundishwa nayo. Twasema kwamba katika miaka yote ile hakuna mnunuzi aliyemwuliza yeye mwenyewe ameona nini.

Sisi tuandikao mashairi tunalijua jambo hili kwa njia nyingine. Mshairi huchukua bahari aliyoikuta, huchukua mizani na vina ambavyo waliokufa kabla ya babu yake walivitumia, na hakuna amwitaye mwizi. Angaliacha kuvitumia ndipo angeulizwa. Shaaban Robert, mtoto wa Tanga na mtumishi wa serikali, alimtia Omar Khayyam katika Kiswahili kwa kupitia Kiingereza cha Edward FitzGerald, yaani alichora picha ya picha. Na jina la Omar Khayyam likawekwa pale pale juu ya kitabu. Mwalimu Nyerere aliposifika kwa kumfasiri Shakespeare, hakuna aliyesema kwamba ametuletea bandia. Kwa nini basi mwenye kalamu afasiripo asifiwe, na mwenye brashi afasiripo adharauliwe? Tunashuku kwamba jibu halina uhusiano na sanaa: mwenye kalamu huvaa shati jeupe, na mwenye brashi hunuka mafuta ya taa.

Hadi hapa tumesema kana kwamba deni lote la mwigaji hulipwa kwa kutaja jina na kwa kutazama vizuri. Lakini tukivuka mto Ruvu, ambao wengine huuita Pangani, tukaingia Handeni, twakuta uigaji wa namna nyingine kabisa, usio na jina la mtu hata moja, na hatuwezi kuupita.

Katika mila za jando na unyago za Wazigua, Wasambaa na jirani zao, waliofundisha wari walitumia sanamu ndogo za udongo. Hans Cory, aliyekuwa mtaalamu wa mila katika serikali ya kikoloni, alizikusanya na kuzieleza katika kitabu kilichotoka mwaka 1956. Ziko za watu, za wanyama, za vyombo na vitu vya nyumbani. Nyingi zilifinyangwa bila kuchomwa moto, zikapakwa madoa meupe, mekundu na meusi. Kila sanamu ina wimbo wake, na wimbo una maana iliyofunikwa, nayo maana ni somo: juu ya ndoa, juu ya wazee, juu ya uchoyo, juu ya mwili. Mwali huonyeshwa sanamu, huimbiwa, hufunuliwa. Shughuli ikiisha, sanamu zilivunjwa au ziliachwa zirudi udongoni, na mwaka mwingine zikafinyangwa upya.

Sanamu ya kwanza iko wapi? Haipo. Ilivunjika kabla ya babu wa babu zetu, na hakuna aliyeililia, kwa kuwa haikuwa na thamani zaidi ya ile itakayofinyangwa kesho. Kungwi hufinyanga kama alivyoonyeshwa na kungwi aliyemfundisha, naye hajioni kuwa mwigaji wala mtungaji. Hakuna saini, na hakuna wizi. Hapa jina halihitajiki kwa sababu deni lalipwa kwa njia tatu ambazo fundi wa kalenda hanazo. Afinyangaye ajua wimbo. Afinyangaye amepewa ruhusa ya kuujua. Na kitu chenyewe hakibaki kuuzwa baada ya kazi yake kwisha. Tukiliondoa mojawapo ya hayo matatu, umbo hubaki lile lile, na jambo huwa jingine.

Mkusanyo wa Cory umehifadhiwa katika Makumbusho ya Taifa mjini Dar es Salaam, na watu huujua kwa jina la mkusanyaji. Hatulaumu, bila mkusanyo ule vijana wetu wengi wasingejua kwamba vitu hivyo viliwahi kuwapo. Lakini ni vema kukumbuka kwamba sanamu iliyofika kabatini ni ile ambayo haikuvunjwa, na kwamba kutovunjwa kwake ni kubadilishwa kwake.

Jambo hili tuliliona likitokea mbele yetu. Walimu wa shule moja wilayani Handeni walitaka wanafunzi wafinyange sanamu kama zile kwa ajili ya maonyesho ya utamaduni. Lilikuwa wazo jema. Badala ya kunakili ua la Mholanzi, wanakili cha kwao. Walimwendea bibi mmoja anayeheshimiwa kwa elimu ile, nasi tulifuatana nao.

"Bibi, tumekuja kukuomba uwaonyeshe watoto vile vinyago vya zamani," mwalimu akasema baada ya kuamkia.

"Vya zamani vipi, mwanangu? Mimi nimefinyanga mwaka juzi."

Tulicheka, naye hakucheka. Akafikiri kwa muda mrefu, kisha akasema kwamba yako maumbo ambayo atawaonyesha, kwa sababu huonwa na kila mtu, na yako yasiyotoka ndani. Kuhusu nyimbo, alisema mtoto asiyechezwa hawezi kuimbiwa, na kwamba shule si mahali pa kuchezea wari. Mwisho aliweka sharti: maonyesho yakiisha, vyote vivunjwe. Walimu wakakubali.

Wanafunzi walifanya kazi nzuri. Mikono yao ilikuwa mepesi, na udongo wa Handeni wanaujua tangu utotoni. Penye meza liliwekwa karatasi lililoandikwa "Kazi ya Wanafunzi". Bibi alipokuja aliomba asomewe, akasomewa. "Si kazi yao," akasema kwa upole, "wala si yangu." Mwalimu alimwuliza basi waandike nini, naye akajibu kwamba yeye hajapata kuona kinyago kinachohitaji karatasi. Karatasi likaondolewa, na wageni wa siku ile walipita mbele ya meza isiyo na maelezo, wengine wakisifu, wengine wakiuliza bei.

Siku ya tatu bibi alirudi kuvivunja. Uongozi wa shule ulikuwa umebadili shauri. Wageni wa mkoa walitarajiwa mwezi uliofuata. Sanamu zilikuwa nzuri. Kuzivunja, walisema, ni kuharibu mali ya utamaduni wa taifa. Bibi alisema kwamba kuziacha ndiko kuziharibu. Walibishana kwa heshima, kila mmoja akimwita mwenzake mwanangu na mama, na kila mmoja akiutetea utamaduni ule ule. Mwishowe neno la mwenye kutoa elimu likashinda, zikavunjwa uwanjani, na watoto wakaufikicha udongo kwa miguu.

Kobe mmoja alisalia. Mwalimu kijana alikuwa amemficha katika kabati la vitabu, kwa nia njema, ili awe na cha kuwafundishia wanafunzi wa miaka ijayo. Tulipoipitia shule ile baada ya muda tulimkuta bado yumo, amewekwa mbele ya kamusi. Madoa meupe ya mgongoni yalikuwa yameanza kubanduka. Tulimwuliza msichana aliyekuwa zamu ya maktaba kwa nini kobe yule ana madoa saba upande mmoja na matatu upande wa pili. Akamtoa kabatini, akamgeuza, akamhesabu madoa kwa kidole, akasema labda aliyemfinyanga aliishiwa chokaa.